Je, wajua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuiona chembe ya Higgs, ile inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito?

Picha zake zimejaa mtandaoni: mistari ya rangi inayotawanyika kutoka katikati, na chini yake maelezo kwamba hii ndiyo Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012 katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Wengi huuliza ni mstari upi hasa. Hakuna. Higgs huvunjika kabla haijafika popote. Uhai wake haufikii hata sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya sekunde. Mistari ile ni ya chembe zilizozaliwa ilipovunjika, pamoja na mabaki mengine ya mgongano wa protoni ulioizalisha. Tena, hata picha iwe safi vipi, hakuna mwanafizikia atakayeapa kwamba hii hasa ni Higgs, kwa sababu chembe zilezile huweza kutokea bila Higgs kuwapo kabisa.

Sasa huitambuaje? Huanza kwa kujua kila mstari ni wa nani. Kigunduzi, mtambo unaozunguka mahali pa mgongano ili kunasa chembe, kimejengwa kwa matabaka, na chembe hujulikana kwa mahali inapoishia. Chukua treni ya Reli ya Kati inayotoka Tabora kwenda Kigoma. Huna orodha ya abiria, ila unajua nani huteremka wapi. Elektroni na fotoni (chembe ya mwanga) huteremka Urambo, tabaka la kwanza la kupimia nishati. Protoni na pioni, jamaa yake mwepesi, husonga hadi Uvinza, tabaka zito zaidi. Muoni, ndugu mzito wa elektroni, hupita kote na kufika Kigoma, kwenye vyumba vya nje kabisa. Elektroni na fotoni zimeshuka kituo kimoja, lakini elektroni ina chaji, hivyo imeacha alama njiani na sumaku imeupinda mstari wake. Fotoni haikuacha alama yoyote. Nyutrino haishuki popote wala haionekani. Huhisiwa pale hesabu ya mwendo wa pande zote inapokataa kulingana. Utaratibu huu si kamili: pioni chache nazo hupenya hadi Kigoma na kudhaniwa muoni.

Higgs huweza kuvunjika na kuacha muoni nne. Zikipatikana, nishati na mwelekeo wa kila moja hutumika kukokotoa uzito wa mzazi wao. Jibu moja halithibitishi kitu. Hukusanywa mengi na kuchorwa kwenye grafu: ya kubahatisha husambaa, ya Higgs hurundikana karibu na mara 133 ya uzito wa protoni. Kirundo hicho, kinachoinuka juu ya kelele, ndicho ugunduzi wenyewe, na kwangu kinapendeza kuliko picha yoyote.

Tangu 2014 CERN imefungua sehemu ya data zake kwa kila mtu, hata mwanafunzi wa kidato cha sita Tabora mwenye kompyuta na intaneti. Higgs ni adimu mno kuanzia nayo. Anza na chembe Z, iliyogunduliwa 1983, ambayo huweza kuvunjika kuwa muoni mbili: tafuta muoni mbili zenye chaji kinyume, kokotoa uzito, rudia kwa maelfu ya migongano, kisha angalia grafu inainuka wapi. Ikiinuka karibu na mara 97 ya protoni, umeipata Z.