Mtoto anajifunza ala ya muziki: familia isome nini?

Mtoto akianza kujifunza kinanda, fidla au adungu (kinubi cha West Nile), wazazi wengi hapa Uganda huuliza tumnunulie kitabu gani. Mimi huwajibu kwamba kitabu cha kwanza kiwe cha yule mtu mzima atakayekaa naye jioni wakati wa mazoezi. Mtoto ana mwalimu wa kumwelekeza, mzazi hana. Akikosa cha kusoma, anashika yale aliyoyasikia mtaani, na mengi ya hayo si kweli. Haya hapa ninayoyasikia sana.

"Mimi sijui noti, kwa hiyo sina cha kusoma"

Hii ndiyo naisikia zaidi, kuanzia Arua hadi Kampala, na naamini ndiyo inayowarudisha nyuma watoto wengi kuliko zote. Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1898, alishikilia kwamba mtoto hujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama yake: anasikia, anaiga, anarudia, na kusoma kunafuata baadaye. Katika mbinu yake mzazi huhudhuria masomo pamoja na mtoto, na mara nyingi yeye ndiye hufundishwa kwanza kushika ala na kupiga wimbo mmoja mwepesi. Kitabu chake kinachojulikana kwa Kiingereza kama *Nurtured by Love* si cha mazoezi ya vidole. Kinazungumzia malezi, na mtu asiyejua noti hata moja anakisoma mpaka mwisho. Kama familia ina uwezo wa kupata kitabu kimoja tu cha mzazi, mimi ningechagua hicho.

Kisha kuna zile kurasa chache za mwanzo katika kitabu cha mtoto mwenyewe, ambazo watu wazima huziruka. Juu ya noti huandikwa namba za vidole. Kwenye kinanda, 1 ni kidole gumba na 5 ni kidole cha mwisho. Kwenye fidla, 1 ni kidole cha shahada, kwa sababu gumba linashika shingo ya ala. Nilimwona mama mmoja Arua akituliza machozi kwa kujua hilo tu. Binti yake alikuwa ametoka kwenye kinanda cha kanisani, sasa yuko kwenye fidla, na kila noti ilikuwa inakwenda kombo. Mama akafungua ukurasa wenye mchoro wa mkono, akaweka kidole chake pale, akamwambia, "Tazama mwanangu, hapa gumba halihesabiwi." Mama huyo hajawahi kupiga ala yoyote.

"Mozart humwongezea mtoto akili"

Mwaka 1993 jarida la *Nature* lilichapisha jaribio fupi la Frances Rauscher na wenzake. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza Mozart kwa dakika 10, kisha wakafanya maswali ya kukunja na kugeuza maumbo kichwani. Walifanya vizuri kidogo, na nafuu hiyo haikuzidi dakika 15 hivi. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Kitabu chochote kinachokuahidi mtoto mwenye akili nyingi kwa kusikiliza kanda, kirudishe rafuni. Muziki una thamani ya kutosha bila kuuzwa kama dawa ya hesabu.

"Bila saa 10,000 hafiki popote"

Namba hii inawatisha wazazi, na wengine huigeuza fimbo. Ilitoka kwenye utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, uliochapishwa pia mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Saa 10,000 zilikuwa wastani tu wa kundi bora walipofika umri wa miaka 20. Wengine katika kundi hilo walikuwa chini ya hapo. Mwandishi Malcolm Gladwell ndiye aliyeifanya ionekane kama sheria, katika kitabu chake cha mwaka 2008. Ericsson mwenyewe alisisitiza namna ya kufanya mazoezi: mwanafunzi awe na lengo dogo lililo wazi, na awe na mtu wa kumwambia amekosea wapi. Nyumbani maana yake ni kuchagua vipimo vinne (vile vijisehemu kati ya mistari ya wima ya noti) vinavyomsumbua na kuvipiga polepole, badala ya kuanza wimbo mwanzo hadi mwisho kila mara huku kosa lilelile likirudi.

"Ala zetu hazina vitabu"

Hapa nisamehewe nikizungumza kwa kirefu, kwa sababu dhana hii imewafanya watoto waamini kwamba muziki wenye maandishi ni ule uliokuja na meli.

Joseph Kyagambiddwa, Mganda na mtunzi, alichapisha *African Music from the Source of the Nile* mwaka 1955. Miaka miwili kabla yake, Margaret Trowell na Klaus Wachsmann walikuwa wametoa *Tribal Crafts of Uganda*, ambamo Wachsmann alieleza ala za muziki za nchi hii, zilivyotengenezwa na zinavyopigwa. Ni vitabu vya watu wazima na si rahisi kuvipata dukani, lakini maktaba ni za kutumiwa. Mzazi akisoma kurasa tano za kitabu kama hicho anakuwa na hadithi ya kumsimulia mtoto kabla ya kulala.

Amadinda, ala ya Buganda ya mbao za kugonga kwa vijiti, nayo ina maandishi yake. Gerhard Kubik wa Austria, aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mpiga ala wa Kabaka, mfalme wa Buganda, aliandika nyimbo za amadinda kwa namba 1 hadi 5, namba moja kwa kila sauti ya ngazi ya Kiganda, na nukta pale mkono unaponyamaza. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akipenyeza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu hurudia juu, kwenye mbao mbili za mwisho. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kusoma namba hizo. Mwandikie mkondo mmoja kwenye daftari, wewe shika mwingine, pigeni mezani kwa vijiti.

Kwa adungu ya kwetu West Nile, ambayo siku hizi mara nyingi hufungwa kwa ngazi ya do re mi, karatasi za kwaya zilizoandikwa kwa solfa tayari ni kitabu cha mazoezi. Familia nyingi zinazo nyumbani, zimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Na mkifika Kampala, Jumba la Makumbusho la Uganda kule Kira Road lina ala zenyewe. Mtoto asome maelezo kwa sauti akiwa mbele ya ala.

"Kitabu cha mtihani kinatosha"

Wanaofanya mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, mbele ya mtahini wapige hesabu. Jumla ni alama 150, kufaulu ni 100. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja, yaani 90. Mtoto aliyekariri vipande hivyo mwaka mzima, hata akivipiga bila kosa, bado yuko chini ya 100. Zilizobaki ziko kwenye skeli, kusoma noti asizowahi kuziona, na sikio. Kwa hiyo awe na kitabu kingine chepesi kuliko kiwango chake, asome ukurasa mpya kila siku kwa furaha tu.

"Noti ni ghali, bora fotokopi"

Kunakili kitabu kipya kizima ni kumnyang'anya mwandishi haki yake, na Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Lakini Bach alifariki mwaka 1750 na Mozart 1791. Matoleo ya zamani ya kazi zao yako bure kwenye tovuti ya IMSLP, maktaba ya noti mtandaoni, unayapeleka Wandegeya, Kampala, kwenye flashi yanachapishwa. Omba wachapishe upande mmoja wa karatasi, ili mtoto apange kurasa mbili sambamba asigeuze katikati ya wimbo, na mwalimu apate nafasi ya penseli.