Jembe halina rutuba ya kukupa

"Bwana shamba, safari hii nimekatua mara mbili na haro ya kusaga madonge juu yake, udongo umelainika kama unga. Mbona mahindi yamedumaa?" Huku Handeni nimeulizwa hivyo hadi nimechoka, na kila mara najibu: yamedumaa kwa sababu hiyohiyo.

Dhana kwamba kulima sana kunaleta rutuba naielewa ilikotoka. Pori jipya likivunjwa, mahindi ya masika ya kwanza hushamiri, na mwenye shamba akasema trekta imeamsha rutuba. Trekta imepasua chembe za udongo zilizoshikana, ambamo mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza, ilikuwa imejificha. Hewa imeingia, vijidudu vimeila kwa pupa, naitrojeni imeachiwa kwa mkupuo, na kaboni, ambayo ni zaidi ya nusu ya mboji, imepaa hewani. Kwa joto letu la Tanga ulaji huo huenda mbio. Umechinja ng'ombe wa maziwa, sasa unasifu supu.

Huniamini? Chukua donge kavu la shambani na jingine la kando, chini ya kichaka ambako jembe halijafika. Tumbukiza kila moja kwenye glasi ya maji, usikoroge. La shambani mara nyingi humomonyoka upesi na kutibua maji. La kichakani hukaa. Mvua nayo hulifanyia shamba lako hivyohivyo: uso unaziba, ukikauka unakuwa ganda, na mvua inayofuata inakimbilia mtaroni.

Wengine huniambia udongo mweusi lazima una mboji. Si lazima, ule wa mbugani unaopasuka kiangazi huwa mweusi hata mboji ikiwa kidogo. Kuchoma mabua nako si kutia mbolea: majivu yanabakiza potasiamu na kalsiamu, naitrojeni imeondoka na moshi. Na tela moja ya samadi? Sentimita 20 za juu za ekari moja ni kama tani 1,000 za udongo. Kupandisha mboji kwa asilimia 1 kunataka tani 10 zibaki humo, na samadi nyingi huoza kabla.

"Basi nisilime kabisa?" Hapana. Sahani za jembe la trekta zilizopita kina kilekile miaka yote zimeacha tabaka gumu chini. Lichane kwanza kwa ripa, jembe jembamba linalochana bila kupindua udongo, mistari ya kupandia tu, udongo ukiwa mkavu. Mabua yabaki juu, na jirani uelewane naye mapema, ng'ombe wake wasiyale. Kuacha kulima bila matandazo ni balaa jingine. Mimi husisitiza fiwi, jamii ya kunde inayotambaa, hata nikichekwa: ichomeke katikati ya mahindi yakishasimama, na ukishavuna itabaki imefunika ardhi kiangazi.