Damu na mishipa yake: ukoo mmoja ndani ya yai la kienyeji

Kuona damu na mshipa vikichipuka pamoja hakuhitaji maabara ya gharama. Yai lenye mbegu, inkubeta ya nyuzi 37.5 hadi 38 na lenzi ya kukuza mara 10 vinatosha. Mayai ya kuku wa kisasa hayafai, maana mabanda yale hayana jogoo.

Hapa Mwanza mambo huharibika kabla hata ya inkubeta. Kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, hutulia kabisa chini ya nyuzi 20 hivi. Trei iliyokaa wiki nzima gengeni Kirumba kwenye nyuzi 27 imeshaanza kukua kwa kusuasua, na ukifungua unakuta kilichodumaa au kilichokufa. Tafuta mayai yaliyotagwa ndani ya siku 3.

Laza yai ubavu, weka alama ya penseli juu, liache saa 36 ndani ya inkubeta bila kuligeuza. Kisha toboa upande butu, elekeza sindano chini, vuta mililita 2 hadi 3 za ute, ndipo ukate dirisha juu. Usipotoa ute, kiinitete kinabaki kimegusa ganda na mkasi unakichana. Sindano ikielekea katikati, inapasua kiini, na yai hilo ni la chapati.

Nyuma ya kiinitete, pembezoni, utaona madoa mekundu: visiwa vya damu. Seli za mesodemu, tabaka la kati la kiinitete, zimejikusanya hapo. Za nje zinajilaza bapa ziwe ukuta wa mshipa. Za ndani zinabaki duara na kujaa himoglobini. Visiwa huungana, na kufikia saa ya 48 damu inazunguka.

Mtafiti Florence Sabin aliyaeleza haya kwa kuku mwaka 1920. Ikadhaniwa kuwa seli moja ndiyo mzazi wa damu na mshipa, na mwaka 1932 mtafiti Murray akampa mzazi huyo wa pamoja jina la himanjioblasti. Lakini kukaa nyumba moja si kuzaliwa na mama mmoja. Mwaka 1995 ilionekana kwamba panya asiye na Flk1, kipokezi cha ishara kilicho juu ya seli, hufa tumboni akikosa damu na mishipa pia. Ushahidi mzito, ila unathibitisha hitaji la pamoja tu. Mwaka 1998, kwenye sahani ya maabara, seli moja ya panya ilizaa aina zote mbili. Halafu mwaka 2006 panya waliochanganywa seli za rangi tofauti walionyesha kuwa kisiwa kimoja kwa kawaida hutokana na mama kadhaa. Kwa hiyo mimi husema uwezo upo, lakini si kila kisiwa kinautumia.

Undugu ulio wazi zaidi uko kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Huko seli ambayo tayari ni ukuta wa mshipa hujikunja, hujichomoa na kuwa seli shina ya damu, ile inayozaa seli nyingine zote za damu. Jeni ya Runx1 ndiyo inayoamuru. Panya asiye nayo hutengeneza damu ya mwanzo ya kifuko cha kiini, kisha hufa karibu na siku ya 12 bila damu ya kudumu kwenye ini. Kwa kuku, kata vipande vyembamba vya aota ya siku ya 3, vitie rangi, utazame sakafu yake. Darini hutapata kitu.