Swali ulilokosa usilipite: mazoezi ya hesabu za GRE

Jumamosi iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, mama ambaye ni afisa kilimo na hushuka kutoka Newala kila wiki, alinifunulia daftari lake kibarazani kwangu, Shangani. Alikuwa amefanya maswali 240 kwa wiki moja. Nikamwambia, "Hongera, mama. Sasa chagua moja ulilokosa juzi, ulifanye upya mbele yangu." Akalikosa tena, palepale alipokosea mara ya kwanza.

Nafundisha hesabu hapa Mtwara, na baadhi ya wanaonijia wanaomba nafasi za shahada ya uzamili nje ya nchi, hasa Marekani. Wengi wao hufanya GRE, mtihani wa kuombea nafasi hizo. Hesabu zake hazizidi zile za sekondari: asilimia, uwiano, aljebra, jometri, takwimu. Kalkulasi hamna kabisa, na kikokotoo kipo kwenye skrini. Kinachowaangusha watu ni namna ya kuulizwa. Shuleni tulizoeshwa kutafuta jibu, tukipata tunapiga mstari chini yake. Hapa, katika baadhi ya maswali, unapewa Kiasi A na Kiasi B, unaulizwa kipi kikubwa, au viko sawa, au haiwezekani kujua.

Swali alilokosa yule mama nililitunga mwenyewe kwa mtindo huo. Gari limetoka Mtwara kwenda Lindi kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Kiasi A ni mwendo wa wastani wa safari nzima, kwenda na kurudi. Kiasi B ni kilomita 50 kwa saa.

"Mwalimu, umbali hujautaja," akasema. "Hapo haiwezekani kujua."

Wengine hujumlisha 60 na 40, wakagawa kwa mbili, wakasema viko sawa. Nao wamekosa. Weka umbali wowote mwepesi, tuseme kilomita 120. Kwenda ni saa 2, kurudi saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Sasa weka 240: saa 4 na saa 6, kilomita 480 kwa saa 10, ni 48 ileile. Umbali unajifuta wenyewe. Na wastani unashuka chini ya 50 kwa sababu gari limekaa barabarani muda mrefu zaidi likiwa kwenye mwendo mdogo. Kiasi B ndicho kikubwa.

Nikampa jingine, fupi: Kiasi A ni x mara x, Kiasi B ni x. Akajibu haraka kuwa A ni kikubwa, maana kichwani mwake x ilikuwa 2 au 3. Nikamwomba ajaribu 1, kisha nusu. Kwa 1 viko sawa, kwa nusu A inakuwa robo, ndogo kuliko B. Hapo ndipo jibu la "haiwezekani kujua" lina haki yake. Kabla hujachagua, pitisha sifuri, moja, sehemu ndogo kuliko moja na namba hasi. Ukipata majibu mawili tofauti, umemaliza.

Ndiyo maana nasisitiza daftari la makosa kuliko wingi wa maswali. Kila ulilokosa liandike, na chini yake andika kwa Kiswahili ulichokuwa unakiwaza ulipokosea. Sipokei "sikuwa makini", kwa sababu haisemi kitu. Lifanye tena baada ya siku tatu bila kutazama jibu, na tena baada ya siku kumi. Nasema Kiswahili kwa makusudi: asilimia na sehemu wengi wetu tulizielewa shule ya msingi kwa Kiswahili, na mtihani uko kwa Kiingereza. "x ni chanya" na "x si hasi" si kitu kimoja. Ya pili inaruhusu sifuri. Nimeona watu wanaojua hesabu vizuri wakipoteza alama kwa sifuri hiyo.

Muda uje baadaye, ukishaacha kurudia makosa yaleyale. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, na hesabu zina sehemu mbili: maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Ni kama dakika moja na sekunde 45 kwa swali. Sehemu ya pili hupangwa ugumu wake kufuatana na ulivyofanya ya kwanza. Ukikwama, weka alama usonge mbele. Ndani ya sehemu hiyohiyo unaweza kurudi. Kukosa hakupunguzi alama, kwa hiyo usiache swali tupu. Watungaji wa mtihani, ETS, wanatoa mitihani miwili ya mazoezi bure mtandaoni. Mmoja ufanye mwanzoni upime ulipo, wa pili utunze hadi wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Jana usiku yule mama alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Ameandika: "Sikuona umbali, nikakata tamaa ya jibu. Nilipaswa kujaribu umbali wa aina mbili." Chini yake ametunga swali lake mwenyewe. Bei ya korosho imeshuka mnadani kwa asilimia 20, mnada uliofuata ikapanda kwa asilimia 20. Kiasi A ni bei ya mwanzo, Kiasi B ni bei ya mwisho. Bei yenyewe hakuitaja.