Maji ya Dar kwa miaka 20 ijayo: hesabu ianzie siku mto umeshuka

Nikipewa mpango wa maji wa Dar es Salaam niukague, natafuta kwanza jedwali la mtiririko wa mto Ruvu wa Oktoba na Novemba. Uwezo wa mitambo ya kusafisha maji nausoma baadaye. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa 1976, sasa una uwezo wa mita za ujazo 270,000 kwa siku. Wa Ruvu Juu, wa 1959, umepanuliwa hadi 196,000. Jumla ni 466,000, yaani mita za ujazo 5.4 kila sekunde. Ongeza asilimia 5 ya maji ya kuoshea machujio, unahitaji 5.7 mtoni. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mgao ulitangazwa jijini kwa sababu mto ulikuwa umeshuka. Mitambo yote miwili inateka mto huohuo, na nyuma yake hakuna bwawa.

Kwenye idadi ya watu ndiko wengi wanakopotelea mapema. Sensa ya 2012 iliipa Dar watu milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38: ongezeko la asilimia 2.1 kwa mwaka. Muongo uliotangulia kasi ilikuwa 5.6. Ukitumia 2.1 unapata watu milioni 8.2 mwaka 2042, ukitumia 5.6 unapata milioni 16. Kuchukua katikati hakusaidii, maana jiji halikupunguza mwendo kiasi hicho, limevuka mpaka. Mkoa wa Pwani ulitoka milioni 1.1 hadi 2.02 katika miaka hiyohiyo. Ukijumlisha mikoa miwili kasi inakuwa kama 3.1. Nayo haitoshi, kwa kuwa Pwani ina Mafia na Rufiji, ambako bomba la Ruvu halifiki. Shuka hadi kwenye kata, ufuate bomba lilipo na litakapofika, na kila kata uipe kasi yake.

Matumizi usiyatoe kwenye ankara. Kwenye mgao, dira inasoma maji yaliyofika; yaliyonunuliwa kwa boza au kuchotwa kisima cha jirani hayamo. Chagua mitaa inayopata maji saa 24, upime huko kwa aina ya makazi: nyumba yenye vyoo vya ndani peke yake, nyumba ya wapangaji wanaochangia bomba la uani peke yake.

Sasa hesabu yenyewe, kwa mfano wa eneo la watu milioni moja. Lita 90 kwa mtu ni mita za ujazo 90,000 kwa siku. Ongeza asilimia 25 za biashara, shule, hospitali na viwanda: 112,500. Tuseme upotevu ni asilimia 35 ya maji yanayozalishwa. Hapa kuna kosa ambalo halichoki kujirudia: mtu anazidisha 112,500 kwa 1.35, anapata 151,875, anaendelea na safari. Upotevu hupimwa kwa maji yaliyotoka mtamboni, kwa hiyo unagawanya kwa 0.65, na jibu ni 173,000. Tofauti ya mita 21,000 kila siku imepotea kwenye karatasi kabla bomba halijapasuka popote. Siku ya joto kali zidisha matumizi kwa 1.2, lakini uvujaji uache ulivyo, kwa kuwa bomba halivuji zaidi eti kwa sababu watu wana kiu. Inakuwa 135,000 za matumizi na 60,600 za upotevu uleule, jumla 195,600.

Ukishusha upotevu hadi asilimia 20, siku ya kawaida inahitaji 140,600 tu. Hakuna chanzo kipya kitakachokupa mita 32,000 kwa bei ya kuziba uvujaji. Shida ni kupima. Vitabu vinasema tazama mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Kwenye mtaa wa mgao ndiyo saa simtenki zote zinajaa, na utasoma uvujaji usiokuwepo. Rudisha eneo dogo lenye valvu na dira yake kwenye maji ya mfululizo kwa wiki mbili hivi, kisha ndipo upime.

Upande wa mto, tumia takwimu za kila siku za kituo cha kupimia mto kiitwacho 1H8, pale daraja la barabara ya Morogoro. Wastani wa mwezi huficha siku kumi mbaya. Hata mtiririko unaopatikana asilimia 95 ya siku bado ni siku 18 za upungufu kwa mwaka, na hizo hufuatana. Kwa jiji, tafuta kiangazi kinachokuja mara moja katika miaka 50. Hakikisha pia kipimo kimesahihishwa upya baada ya masika: mchanga ukihama, kina kilekile humaanisha kiasi kingine cha maji.

Bwawa la Kidunda, linalojengwa Morogoro Vijijini, limesanifiwa kubeba mita za ujazo milioni 190. Ukigawanya kwa 5.7 kwa sekunde unapata siku 386. Namba tamu, lakini usiiamini. Toa tope litakalotoka milima ya Uluguru, toa mvuke: milimita 5 kwa siku kwenye kilomita 10 za mraba ni mita za ujazo 50,000. Halafu maji yanashuka mtoni wazi hadi vidakio, pale mitambo inapoteka maji, yakipita pampu za wakulima. Bila dira kwenye michepuko hiyo, utafungulia maji ya jiji na kumwagilia mpunga.

Visima virefu vya Kimbiji na Mpera, kusini mwa jiji, vya mita 400 hadi 600, ni akiba nzuri ya kiangazi. Kabla ya kukiandikia kisima kiwango cha maji kitakachotoa, pampu ifanye kazi saa 72 mfululizo, na visima vya uangalizi viwekwe upande wa bahari. Kwa kanuni ya kawaida, kimo cha maji yasiyo na chumvi juu ya usawa wa bahari kikishuka mita moja, maji ya chumvi yaliyo chini yake hupanda takriban mita 40. Ladha ikishabadilika bombani umechelewa, kwa hiyo pima kloridi, kipimo cha chumvi, kila mwezi, na uandike mapema ni kiwango gani kitakachopunguza pampu, na nani mwenye ufunguo wa kuizima.