Kuwasilisha siyo kuwasiliana

"Mawasiliano yalifanyika, niliposti kwenye grupu." Sentensi hii haikosekani kwenye ofisi za utalii Arusha mgeni anapoachwa bila wa kumpokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kila ikisemwa kuna neno linaonewa.

Mawasiliano ni ujumbe kumfika mtu, akauelewa, na jibu likarudi. Basi. Wanaolikosea wangetazama kitenzi chenyewe.

Shina ni kuwasili, tulilolipata kwenye Kiarabu, ambako mzizi wake unabeba kufika na pia kuunganisha. Kiswahili kikalinyambua. Kuwasilisha ni kufanya kitu kifike: kazi ya mtu mmoja, kama kuwasilisha fomu kaunta. Kuwasiliana kuna -ana, na -ana haina mtu mmoja. Hakuna anayepigana peke yake wala anayeagana na ukuta. Aliyeposti aliwasilisha, na hata hilo ni kwa hisani ya mtandao. Wazee walilijua hili bila somo la sarufi. Barua zao, salamu zikiisha, zilianza: "Barua yako imewasili, na yote uliyoandika nimeyafahamu." Stakabadhi ilikuwa ndani ya adabu.

WhatsApp imezigawa hatua hizo kwa tiki, nasi tunazisoma vibaya. Tiki moja: umetoka kwako tu. Dereva akiwa mahali pasipo mtandao porini, unabaki hivyo. Mbili za kijivu: umefika kwenye simu. Bluu: umefunguliwa. Ila kwenye grupu bluu haiji mpaka kila mwanachama afungue, kwa hiyo katika watu 38, mmoja aliyezima simu anaizuia, hata kama dereva unayemtaka ameshasoma. Shikilia kidole kwenye ujumbe wako, fungua maelezo yake, utaona majina: nani amesoma, nani umemfikia tu. Na aliyezima tiki za bluu ili asijulikane, ajue kwenye grupu hazizimiki.

Hata bluu siyo jibu. Ndege imesogezwa kutoka saa 8 mchana hadi saa 5 asubuhi. Taarifa imeangukia kati ya mchango wa msiba na picha za keki, dereva anaipita akikimbilia voisi iliyo chini yake. Au anaweka dole gumba. Dole hilo ni "nimeona", ni "sawa", ama ni "nakwenda mimi"? Wakiweka madereva wawili, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayekwenda, halafu tunasema grupu letu lina ushirikiano. Moshi, kwenye KNCU, chama cha wakulima wa kahawa cha tangu 1933, ushirika ulikuwa na mzani na daftari: ilijulikana nani kaleta kahawa kilo ngapi.

Marubani humrudia mwongoza ndege maelekezo aliyowapa. Tuige. Mtaje dereva kwa jina, ukianza na alama ya @ ili simu yake imshtue. Andika siku, saa, mahali na gari. Kisha mwombe arudie. "Kesho saa 5 asubuhi, KIA, Cruiser ya pili, nakwenda mimi." Hilo ndilo jibu. Nusu saa ikipita halijaja, piga simu.

Na bosi akikuuliza kabla halijaja, usiseme mmewasiliana. Sema, "Nimewasilisha, nasubiri." Ni Kiswahili kizuri tu.