Bangalo la Karen: filamu haikupigwa humo

Nikisema tu kwamba kazi yangu ni kuhifadhi majengo, hakosi mtu wa kunieleza habari za ile nyumba iliyoko Karen, Nairobi: "Ile ya filamu, ndiyo maana ikahifadhiwa." Safari hii nimeikuta sentensi hiyo kwenye ripoti ya mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa nne! Matukio ya nyumbani ya filamu hiyo, Out of Africa ya 1985, yalipigwa katika nyumba nyingine ya jirani.

Historia yenyewe ni fupi. Åke Sjögren, mhandisi kutoka Sweden, aliijenga 1912. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark ambaye kitabu chake ndicho kilichozaa filamu hiyo, aliishi humo 1917 hadi 1931, shamba la kahawa likafilisika, ardhi ikakatwakatwa viwanja. Mwaka 1964 Denmark iliinunua na kuipa Kenya zawadi ya uhuru, ikatumiwa na chuo, na tangu 1986 ni makumbusho.

Sasa linaloniudhi. Watu wanadhani nyumba huwa urithi kwa sababu mtu mashuhuri alilala ndani yake. Kwangu mimi thamani ya bangalo hili ni kwamba lilikuwa nyumba ya kawaida. Kuta za mawe, paa la vigae, vyumba vipana vilivyotandazwa chini bila ghorofa, veranda: nyumba za namna hii zilijengwa kwa makumi katika vitongoji vya Wazungu wa Nairobi. Mtindo wenyewe ulizaliwa Bengali, Bara Hindi, kwenye joto, Waingereza wakauchukua na kuusambaza kila walikotawala. Ukifika Ngong, jirani na Karen, mwezi wa Julai, ukatetemeka kwa baridi, utaelewa kwa nini nyumba yenye veranda ya kukimbia jua ina meko na dohani pia. Ramani ya nchi ya joto imeletwa nyanda za juu, ikaongezewa moto. Hilo lina mengi ya kutufundisha kuhusu ukoloni, na halimhitaji mwigizaji yeyote.

Imani hiyo ina gharama. Katika mitaa ya Kilimani na Kileleshwa, Nairobi, mabangalo yamevunjwa moja baada ya jingine kupisha fleti, na kila mara hoja ni ileile: hakuna mtu maarufu aliyeishi humu. Wengine hujifariji kwamba nyumba ikitimiza miaka mia sheria huilinda yenyewe. Hailindi! Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kulindwa, lakini sharti waziri alitangaze. Kuzeeka peke yake hakutoshi.

Nikipeleka watu pale Karen, huwapitisha nyuma kwanza. Kuna meza ya jiwe la kusagia. Blixen mwenyewe aliandika kwamba hapo ndipo palipokuwa kitovu cha shamba, kwa sababu alikaa nyuma ya meza hiyo kila aliposhughulika na watu wa shambani, na kwamba jiwe lilitoka Bombay. Wageni wengi huipita wakikimbilia sebule. Jiko nalo liko nje, limejitenga na nyumba: moshi, kelele na mpishi viliwekwa mbali na meza ya chakula. Ukichora ramani ya bangalo bila jiko na bila huo uwanja wa nyuma, umechora nusu ya nyumba, tena nusu isiyofanya kazi.

Nakiri jambo moja ambalo vitabu vyetu vya uhifadhi hulikwepa. Bila filamu, sidhani kama nyumba hii ingekuwa makumbusho. Hoja yangu ya ukawaida ni nzuri darasani, ila sijaona ikiokoa hata bangalo moja mbele ya mwenye kiwanja na mkopo wa benki. Umaarufu huokoa. Sipendi, lakini ndivyo.

Kisha kuna maskwota, wengi wao Wakikuyu, waliokaa kwenye shamba hilo kwa masharti ya kazi. Sheria ya 1918 iliwadai siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na shamba lilipogawanywa ziliondoka nao. Vigezo vyetu vya umuhimu wa urithi vinahitaji kitu kilichosimama. Mawe ya Sjögren yamesimama, kwa hiyo yanapata alama. Fomu ninayojaza kazini haina hata kisanduku cha nyumba ambazo kuondolewa kwake ni sehemu ya historia ya hii iliyobaki, nami huishia kuziandika pembeni kwa kalamu.